Jua la Mudiri

11 Mei
Leo siku ya nane tangu Humaid azikwe. Nimechukua daftari lake la shule, kurasa za mbele zimejaa ramani za mvua na pepo alizokuwa akiwafundishia watoto wa Nizwa miaka thelathini, za nyuma zote nyeupe. Nitaandika humo mpaka eda yangu iishe, tarehe nane Septemba. Sitarudi nyuma kusoma nilichoandika. Kurudia ni kazi ya wahariri, na wahariri nimeshagombana nao wote.

Nakaa eda kwa sababu imeamrishwa. Si kwa sababu wifi yangu Mahfoudha, dada yake Humaid, amehama Ibra na masanduku mawili kuja kunichunga. Kutulia nyumbani, kuacha wanja na manukato, sina neno. Lakini siku ya mazishi nilikuta vioo vyote vya nyumba vimefunikwa vitambaa vyeupe, ati maiti asije akatazama nyuma. Nikavifunua kimoja kimoja mbele ya wanawake thelathini. "Nionyesheni aya," nikawaambia. Hakuna aliyenionyesha. Mahfoudha alikohoa tu.

14 Mei
Joto arubaini na nne. Mudiri kaingia ndani rasmi.

Mudiri ni kobe wa Humaid. Alimnunua soko la mbuzi la Ijumaa, kwa mzee mmoja wa Bidiya, miaka kumi na tisa iliyopita, na akampa jina hilo kwa sababu anatembea kama mkurugenzi anayechelewa ofisini na hajali. Uani alikuwa na shimo lake chini ya mndimu, la baridi. Walipokuja watu wa hema la matanga walilijaza kokoto ili viti visiyumbe. Bila shimo, ua wetu ni kikaango. Zabibu, dada wa Tanga tunayeishi naye mwaka wa sita huu, alijaribu kumtoa asubuhi mbili. Mara zote mbili kobe alichimba chini ya ukuta, akakutwa ukingoni mwa falaji, mfereji wa maji ya mashamba.

Neno la mwisho Humaid aliloniambia hospitali halikuwa la mapenzi. Alisema, "Khole, Mudiri usimwache." Basi.

Tumemwekea sanduku la mbao majlisini, chumba cha wageni; ni mita mbili kwa moja, lina mchanga na udongo. Mchana namwachia atembee.

15 Mei
Saa saba na nusu mchana Mudiri alikwenda mpaka mlango mkubwa akaupiga kwa gamba mara tatu. Humaid alikuwa akirudi kutoka shule saa hiyo hiyo, na akigonga mara tatu ilhali ufunguo anao mfukoni. "Mwenye nyumba apate kujitengeneza," akisema. Kobe ana mazoea. Hayo tu.

16 Mei
Mara tatu. Saa saba na nusu.

20 Mei
Kila siku. Zabibu anaacha chungu jikoni anasimama mpaka amalize. Nimemwambia mnyama hufuata njaa na joto, si jambo jingine. Akasema, "Ndiyo, mama," kwa namna ambayo watu humwambia ndiyo mtu mgonjwa.

Daktari alinipa vidonge vya usingizi. Nameza nusu kidonge saa saba kamili, ili saa saba na nusu isinikute.

27 Mei
Nilimbonyeza Mudiri gamba la mgongo, karibu na shingo. Likabonyea. Gamba la kobe wa miaka ishirini limebonyea chini ya kidole changu kama ukoko wa mkate, kisha likarudi polepole.

Nilimpiga picha nikamtumia daktari wa wanyama. Jibu lake: hana jua. Mifupa yake inaliwa na mwili wake mwenyewe. Kobe hutengeneza vitamini D kwa mwale fulani wa jua usioonekana kwa macho, UVB, na mwale huo haupiti kwenye kioo cha dirisha. Sanduku nimeliweka dirishani makusudi! Wiki mbili ameota mwangaza wa uongo.

Oman hii, nchi ambayo jua linakufuata mpaka kwenye ndoto, naagiza jua dukani.

30 Mei
Nimesoma mtandaoni siku tatu. Watu wa kobe duniani ni wabaya kuliko wanasiasa. Mmoja anaapa kwa balbu za kuzungushwa kama skrubu, mwingine anasema hizo zinapofua macho. Nimewatukana wawili, mmoja kanifungia.

Nyumba ina giza. Mapazia sijui nani kayavuta yote.

2 Juni
Duka la vifaa vya wanyama lipo Firq, nyuma ya magereji. Muuzaji ni Wadhah, kijana wa watu waliorudi kutoka Unguja, Kiswahili chake ni cha kuokota kwa bibi. Tumezungumza kwa simu.

"Shikamoo mama. Nina taa mzuri sana. Rangi zambarau. Kobe yeye atafurahi."
"Marahaba. Kufurahi sikukuuliza. Inatoa UVB?"
"Imeandikwa jua, mama."
"Na mimi nikijiandika malkia?"
Akacheka. "Wallahi mama, wewe ndiye yule anaandika kwenye mtandao? Baba yangu anakusoma. Anakasirika sana."
"Msalimie. Mwambie aendelee."

Zabibu aliileta kwa teksi, pamoja na kadi ndogo nyeupe ya kupimia: ukiiweka chini ya mwale wa kweli, inageuka zambarau. Nikawasha. Majlisi nzima ikawa rangi ya jeraha. Kuta, mito, uso wa Mahfoudha aliyekuwa akivuta tasbihi. Kadi ikabaki nyeupe pe. Ni balbu ya joto iliyopakwa rangi. Yaani mtu kaketi kiwandani akawaza: wape rangi ya kitu, watadhani wamepata kitu. Nimewahi kuandika makala ishirini juu ya serikali na masheikhe zenye hoja hiyohiyo, sikuwahi kuipata wazi kiasi hiki, kwenye balbu.

Mudiri hali.

6 Juni
Idi. Walikuja watu. Sikutoka chumbani.

8 Juni
Wadhah kabadilisha bila maneno. Taa ya sasa ni ya tyubu, ndefu mita moja, nguvu yake ya UVB asilimia kumi na mbili, na juu yake lipo bati linalong'aa kuurudisha mwanga chini. Balbu ya skrubu nimeikataa: inamulika mahali pa kiganja, kobe akisogea hatua yuko kizani. Ile kubwa ya zebaki, joto na mwale pamoja, nimeikataa pia. Katika chumba hiki kidogo ingemwoka. Tyubu nimeitundika sentimita arubaini juu ya mchanga, si ubavuni, maana jua halimpigi mtu ubavuni saa sita. Pembeni balbu ya kawaida ya joto. Zinawaka saa kumi na mbili kwa siku.

Kadi iligeuka zambarau. Nililia, na Zabibu akajifanya anafagia.

Mahfoudha aliinama chini ya taa kuangalia, akarudi nyuma haraka. "Wifi, hicho ni kioo."
"Ni bati."
"Nimejiona humo."
"Basi umeona cha kukutisha."
Bati lile kweli linang'aa kuliko vioo vyote vya nyumba hii.

9 Juni
Nimefunika.

11 Juni
Nimeamka saa tisa alasiri nikakuta taa imezungushiwa kitambaa cheupe, kimefungwa fundo mbili. Mwanga ulikuwa wa maziwa, wa maiti. Nikakifungua nikanusa. Ni bafta. Ni kipande kilichobaki kwenye sanda ya Humaid.

Nilimwita Mahfoudha. "Wifi, mchezo huu uishe leo."
"Mchezo gani?"
"Umefunika taa ya kobe kwa sanda ya ndugu yako."
Akakitazama kitambaa, akakaa chini mzima mzima. "Khole, mimi sijakishika hicho tangu kilipokatwa. Ulikichukua wewe."
Uongo wa wazi. Bafta ipo kabati la Humaid, na ufunguo wa kabati nimeuvaa shingoni; atakuwa anauvua nikilala.

12 Juni
Arubaini na saba. Upepo wa moto. Zabibu kaniambia amehesabu. Mara tatu.

17 Juni
Nimefunika. Asione.

18 Juni
Tena. Fundo mbili. Nimeitupa bafta kwenye pipa la nje.

Mudiri kala jani moja la mlonge. Gamba bado linabonyea.

26 Juni
Tende za kwanza, naghali, zimeletwa sinia zima na jirani. Hakuna aliyekula.

Nimepiga hesabu: kwa mwezi huu kobe amepata nusu ya mwanga anaostahiki. Bafta ile ile niliyoitupa imerudi leo juu ya taa, imefuliwa, imeungua manjano pale ilipogusa tyubu. Nimeandika makala ndefu kuhusu wanawake wanaoficha woga wao ndani ya dini. Sikumtaja Mahfoudha jina. Kila mtu Ibra atamjua.

3 Julai
Makala imesomwa. Mahfoudha kaisoma pia. Chakula cha mchana alikula jikoni na Zabibu, bila mimi, nikasikia wanacheka kidogo.

Leo sikumeza kidonge. Kobe amekwenda mlangoni akiburura miguu ya nyuma. Alipiga mara mbili. Nikajikuta nasubiri ya tatu, na ya tatu ikaja, lakini naapa alikuwa ameshageuka.

Nimeandika hayo nikayafuta. Nimeyaandika tena. Mbao hupanuka na joto.

4 Julai
Nimefunika nimefunika. Anatafuta njia. Asituone tulivyo.

10 Julai
Siku ya kuandika mengi.

Jana usiku Mahfoudha alilala Ibra kwa mkwewe mgonjwa. Kwa hiyo leo mchana nyumbani tulikuwa wawili, mimi na Zabibu. Saa saba nikameza nusu kidonge. Saa tisa nikaamka, taa imefunikwa.

Basi si Mahfoudha.

Nilimwita Zabibu majlisini. Nilikuwa na hasira ya mtu aliyemkosea mmoja na anataka kumpata mwingine upesi. Nikamwambia: "Ufunguo huu unauvua shingoni mwangu nikilala?"
"Mama?"
"Nani kakutuma? Au mnaona raha kwenu kumtia mjane wazimu?"
Alikuwa na kitambaa cha vyombo mkononi, akakikunja mara nne, vizuri, kama nguo ya safari. "Bi Khole, mimi kitambaa hicho sikigusi hata unipe nchi."
"Jumamosi utakata tikiti. Siwezi kukaa na mtu nisiyemwamini."

Ndiyo. Mimi niliyeandika kuhusu wafanyakazi wa nyumbani wanaofukuzwa kwa neno la mtu mmoja. Nilisema kwa lafudhi ileile ya wale niliowaandika.

Zabibu hakulia. Alisema, "Nilikuwa nasubiri upone ndiyo nikwambie. Ni wewe, mama."
"Mimi nini?"
"Unaamka saa saba na nusu, kobe akishagonga. Unafungua kabati. Unafunika taa, unavuta mapazia, unarudi kulala. Mara ya kwanza nilikuita, ukanitazama hukuniona. Ile siku uliyoitupa bafta, wewe ndiye uliyeitoa pipani ukaifua. Kwa mikono. Uliimba."
"Muongo."
"Kisha unaandika kwenye daftari."

Nilicheka. Nikachukua daftari hili kumwonyesha tarehe, siku za bafta, na siku alizokwenda sokoni, nimbane kwa ushahidi kama nilivyowabana wakubwa kuliko yeye. Nikafanya nilichoapa sitafanya. Nikarudi nyuma.

Tisa Juni. Kumi na saba Juni. Nne Julai.

Mwandiko ni wangu. Umelala kushoto, wakati mimi huandika wima, lakini herufi ya k ninavyoikata mkia, hakuna mwingine aikataye hivyo. Sikumbuki hata neno. Nimeisoma ile ya mwisho mpaka maneno yakawa wadudu. *Asituone tulivyo.* Sisi nani?

Nilifunua vioo vyote mbele ya watu thelathini. Kisha mikono yangu ikasubiri nilale.

11 Julai
Nimemwomba Zabibu radhi, kwa maneno yote, bila kuongeza "lakini". Akasema, "Haya mama," akaniuliza samaki au kuku. Nimemwambia tikiti ni yake akitaka kwenda kutembea, arudi akitaka. Akasema atakwenda mavuno ya karafuu, kwa dada yake Pemba, Mudiri akishapona. Kamtanguliza kobe mbele ya safari yake. Nimeona aibu mbele yake.

12 Julai
Mahfoudha karudi. Nilimsubiri mlangoni.

"Wifi, nimekukosea. Ni mimi."
"Najua," akasema, akavua viatu. "Zabibu aliniambia mwezi jana."
"Na makala ukaisoma ukanyamaza?"
"Ningekujibu wapi, Khole? Wewe una gazeti, mimi nina tasbihi." Akaketi. "Ilikuwa imeandikwa vizuri. Nimekasirika mpaka sasa."

Nikamwambia kuhusu jua, kwamba tyubu nzuri hivi na kobe bado laini, na laiti desturi zisingenifungia ndani ningempeleka mwenyewe uani asubuhi, nimlinde asichimbe.

Akaweka tasbihi chini. "Nani kakukataza ua?"
"Nyinyi."
"Sisi nani? Nilikufunga kamba? Mimi eda yangu nzima, Ibra, nilikaa uani chini ya mti. Kuku walinizoea. Ua ni nyumbani, mwanamke. Wewe uliyesoma vitabu vyote." Akashika mkono wangu akaugeuza juu chini, kama anatafuta kitu kilichoanguka. "Umekuwa rangi ya bafta. Miezi miwili hujafungua dirisha, sisi tukaogopa kukwambia, maana ungetutaka aya."



13 Julai
Saa kumi na mbili unusu asubuhi. Nilifika kizingitini, nikarudi.

14 Julai
Nikarudi tena. Jua lilikuwa juu ya ukuta tu, la rangi ya chai, halina ukali. Kule nje ndiko alikopitishwa Humaid jenezani.

Vidonge nimempa Zabibu avitupe.

15 Julai
Mahfoudha alitandika mkeka chini ya mndimu akakaa yeye kwanza, kanipa mgongo, akaanza kuchambua mchele. Hakuniita. Nilikaa kando yake dakika kumi, Mudiri mapajani. Kadi niliyoiweka juu ya gamba iligeuka zambarau kabla sijahesabu mbili. Mifupa yangu yote iliuma, halafu ikaacha.

21 Julai
Dakika ishirini kila asubuhi. Mchana taa. Zabibu na Mahfoudha wanabishana kama taa ishushwe sentimita tano. Wote wawili wamekuwa wataalamu. Shimo tumeanza kulitoa kokoto.

Saa saba na nusu: mara tatu. Sasa naisikia nikiwa macho.

4 Agosti
Tende za khalasi zimekwisha mitini, za khasabu zinaanza. Gamba halibonyei tena ila pale shingoni.

17 Agosti
Wadhah kapiga simu. "Mama, kobe yeye hajambo?" Nikamwambia anakula kuliko wewe. Akasema baba yake anauliza mbona siku hizi sikasirishi mtu.

30 Agosti
Gamba gumu. Daktari kaligonga kwa kucha, likalia kama kibuyu kikavu.

Bati la taa sijalitazama ndani hata mara moja. Taa naiwasha nikiwa nimeinamisha uso. Zabibu ameliona hilo.

8 Septemba
Eda imekwisha. Nimeoga, Mahfoudha kafukiza udi, nikavaa nguo ya kijani aliyoipenda Humaid. Kisha tukatoka wote uani, sisi watatu na Mudiri, tukafunga mlango mkubwa ili baridi ya kiyoyozi isitoke. Nyumba ikabaki tupu kwa mara ya kwanza tangu Mei.

Tulikaa kivulini, sinia la khasabu katikati. Mudiri nilikuwa nimemshika mapajani kwa mikono miwili, kichwa chake nje, macho yamefumba. Mahfoudha alikuwa anamsimulia Zabibu habari ya jogoo wake wa Ibra aliyeogopa paka.

Saa saba na nusu mlango uligongwa mara tatu. Kutoka ndani.

Mahfoudha alitema kokwa mkononi. Zabibu hakuutazama mlango, alinitazama mimi, anangoja nieleze. Maelezo nilikuwa nayo. Mbao, joto, kiyoyozi, msumari uliolegea. Nilikuwa na makala nzima, mwanzo na mwisho wake. Mudiri mapajani pangu hakutikisika.

Nilimpa Zabibu kobe, nikaenda nikafungua.

Hakukuwa na mtu. Ukumbi, zulia, harufu ya udi. Kule majlisini tyubu ilikuwa inawaka juu ya sanduku tupu, na bati lake, ambalo asubuhi lilikuwa limeelekea mchangani, limeinuka upande mmoja kuelekea mlangoni, kuelekea kwangu. Nilikwenda mpaka karibu. Nikainua uso nikatazama ndani yake, miezi minne ya mwandamo na siku kumi tangu Humaid afe, kwa muda ambao mtu hutumia kujitengeneza kabla ya kufungua mlango.

Nilichokiona humo, nyuma ya bega langu, sikiandiki, na si kwa kukosa maneno.

Bafta ilikuwa kabatini, ufunguo shingoni. Sikufunika.